Mwanafunzi Nambari Moja Kati ya Mmoja

Ilianza Jumatatu, wiki ya pili ya Januari, saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, baba alipogonga ringi ya lori kwa nondo nje ya dirisha langu, mara kumi na mbili. Najua ni kumi na mbili kwa sababu nilihesabu nikiwa chini ya blanketi, nikidhani kuna moto. Mbwa wa jirani waliamini hivyo pia. Nilipotoka nje nimejifunika shuka, nikamkuta baba amevaa suti yake ya kaki, ile aliyostaafu nayo, anatazama saa.

"Umechelewa dakika nne," akasema. "Na ni siku ya kwanza."

"Baba, kuna nini?"

"Kuanzia sasa mpaka saa kumi jioni mimi si baba. Ni Mwalimu."

Hiyo ndiyo barua ya kuajiriwa niliyopewa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na kazi yangu ilikuwa kuwa wanafunzi wote wa shule nzima. Nimeifanya mwaka mmoja na wiki kadhaa, hapa kwetu nje kidogo ya mji wa Migori, na sasa nimestaafu. Watu wakistaafu hupewa saa ya ukutani au mbuzi. Mimi sikupewa kitu, kwa hivyo najipa ruhusa ya kuandika. Naandika kwa ajili ya wenzangu wadogo ambao wazazi wao wameanza kumfuata baba kanisani kumwuliza jinsi ya kumsomesha mtoto wa sekondari nyumbani, maana siku hizi yeye ni mtaalamu. Wazazi nao wakitaka wasome, ingawa karatasi hii haijapigwa muhuri.

Kwanza jinsi nilivyoingia kazini. Nilikuwa shule ya bweni upande wa Homa Bay, na nilikuwa na shida mbili, pumu na aibu. Pumu ndiyo iliyokuwa na barua ya daktari. Nikiulizwa swali darasani kifua kilibana, na hata mimi sikujua ni ipi kati ya hizo mbili imenikamata. Mama alikuja kunichukua mara tatu katika muhula mmoja. Mara ya tatu aliweka sanduku langu katikati ya sebule akamwambia baba, "Wewe si mwalimu? Basi fundisha."

Baba alikuwa naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, yule naibu ambaye watoto wakimwona kwa mbali wanakumbuka kazi waliyoacha vyooni. Alikuwa amekaa nyumbani miezi minne bila mtu wa kumwogopa. Alikuwa ameanza kuwakaripia kuku. Ukiniuliza ni nani kati yetu aliyehitaji shule zaidi, nitakuomba usiniulize.

Alipokubali, hakununua kitabu hata kimoja. Alinunua rejista. Kila asubuhi aliita jina langu, "Akinyi Owiti!" nami nikaitika "Nipo, Mwalimu!" nikiwa hatua mbili kutoka puani pake. Kisha aliandika: waliopo, mmoja, wasiohudhuria, hakuna. Jumatatu na Ijumaa tulikuwa na gwaride. Nilisimama peke yangu kwenye mstari mbele ya nyumba huku yeye akisema mambo ya nidhamu, na mara mbili kwa sababu ya mazoea alipaza sauti, "Nyie wa nyuma huko, nyamazeni!" Nyuma yangu kulikuwa na kuku. Walinyamaza.

Nilichaguliwa pia kuwa kiranja. Kazi ya kiranja, akipumzika mwalimu, ni kuandika majina ya wanaopiga kelele. Siku moja alienda kulala kidogo baada ya chakula, akaacha redio ikitangaza vifo. Nikaandika: Mwalimu Owiti, mara tatu. Niliadhibiwa kwa kufyeka nyasi, na rejista haikuonyesha kosa ni la nani.

Mwisho wa muhula nilipewa ripoti. Nambari ya mwanafunzi darasani: moja kati ya mmoja. Chini yake, maoni ya mwalimu wa darasa: "Anaweza kufanya vizuri zaidi." Chini yake tena, maoni ya mwalimu mkuu, kwa kalamu nyingine lakini mkono uleule: "Nakubaliana na mwalimu wa darasa."

Wenzangu, msinielewe vibaya. Yule mtu anajua kufundisha. Hesabu zilizonitoa machozi bwenini alinieleza kwa maharagwe na kamba ya kufungia mbuzi, na hazijaniacha tena. Kiswahili alinifundisha kwa kunifanya nisome gazeti la juzi kwa sauti kisha nilisimulie bila kulitazama. Ikiwa mzazi wako anajua kitu, mwache akupe hicho kitu chote. Tatizo la wazazi ni kwamba hawajui wapi panaishia. Baba alinifundisha pia Fizikia. Kuhusu umeme alisema ni kitu cha kuheshimiwa, tukafunga vitabu.

Kwa wazazi niseme haya moja kwa moja, maana nimeyafanyia kazi. Mtoto mmoja hamalizi saa tisa za masomo kwa siku. Shuleni zile saa tisa nusu yake ni kungoja: kumngoja mwalimu, kungoja wenzako wanyamaze, kungoja daftari lirudi. Nyumbani hakuna wa kungojwa, kwa hivyo kufika saa sita mchana kichwa kimejaa, na kinachoingizwa baada ya ugali hakikai. Asubuhi, masomo matatu mazito yanatosha: hesabu, sayansi, lugha. Mchana mpe karatasi za mitihani ya zamani, umpe saa, uondoke. Uondoke kweli, usisimame mlangoni ukikohoa. Na karatasi hizo asizisahihishe mtu anayejua mtoto huyo alivyolia akiwa mchanga. Baba alinipunguzia alama za insha kwa sababu nilikuwa nimeacha sufuria bila kuoshwa.

Maabara yetu ilikuwa jikoni kwa mama. Hapa nitajisifu kidogo, maana ilikuwa kazi yangu zaidi kuliko ya baba. Kitabu kilisema bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, sisi hatukuwa nao. Nikachukua bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, jipya, alilonunua mama duka la dawa za mifugo, lile kubwa lenye mistari ya vipimo. Asidi ilikuwa maji ya limau yaliyochujwa kwa kitambaa. Alkali, upande wa pili, ilikuwa maji ya majivu yaliyolowekwa yakatuama. Cha kuonyesha rangi, maua mekundu ya uzio wa jirani yaliyochemshwa. Kwenye limau yanakuwa mekundu zaidi, kwenye majivu yanageuka kijani. Nilipima tone kwa tone, nikapiga magoti ili jicho liwe sawa na mstari, nikarudia mara tatu, nikatafuta wastani. Mama aliporudi kutoka sokoni akauliza nani ametia maua kwenye sufuria ya maziwa. Mwalimu akajibu kwamba ni sayansi. Mama akasema sayansi ioshe sufuria.

Mama yangu anauza mitumba sokoni, sweta za watoto zaidi. Shule ya baba aliichukulia kama mvua: inanyesha, utafanya nini. Siku ya wazazi kutembelea alipata barua ya mwaliko chini ya sahani yake. Alitoka kwa mlango wa nyuma na chapati alizopika jikoni kwake, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele kama mgeni, akatia sahihi kitabu cha wageni. Sehemu ya "unatoka wapi" aliandika "jikoni".

Basi tukaenda hivyo mpaka mwaka huu, mwezi wa pili, siku ya Jumanne. Asubuhi hiyo Mwalimu alinipa insha: "Siku ya Michezo Shuleni Kwetu." Ukurasa mmoja na nusu. Nilikaa na karatasi nikafikiria kwa uaminifu kabisa, kisha nikaandika: "Siku ya michezo ilifika. Nilishinda."

Alisoma. Akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi nyuma.

"Huu ni ufidhuli," akasema. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. "Toka darasani. Nenda nyumbani, usirudi hapa bila mzazi!"

"Mwalimu," nikasema polepole, "nyumbani wapi?"

"Kwenu!"

Nilimwona akisikia alichosema. Niliona pia hataweza kulirudisha lile neno, kwa sababu naibu wa mwalimu mkuu harudishi neno. Nikachukua mkoba nikatoka. Ningeweza kuzunguka nyumba nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikakaa kitandani, hiyo pia ingekuwa nyumbani. Lakini nilikuwa mfanyakazi mwaminifu. Nikatembea hadi sokoni Migori, kwa mama.

"Nimefukuzwa shule," nikamwambia.

"Shule gani?"

"Ya baba."

Mama akashusha sweta aliyokuwa ameinyoosha mbele ya mteja. "Umefanya nini?"

"Ufidhuli."

"Na amesema ulete nani?"

"Mzazi."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka ghafla, akajifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, akamwomba jirani amwangalizie bidhaa. "Twende," akasema. "Nimeingoja hii siku."

Alipofika mlangoni kwake mwenyewe akabisha hodi. Kutoka ndani sauti ya ofisini ikajibu, "Karibu, mzazi. Keti." Mimi nilisimama kando, mikono nyuma, kama inavyotakiwa.

"Mwalimu," mama akaanza, "nimesikia mtoto wangu amekosa."

"Mama, huyu msichana ni mwerevu, sikatai. Lakini ameanza kiburi na sijui anakitoa wapi. Huko nyumbani mnaishi naye vipi?"

"Huko nyumbani baba yake humwamsha kwa ringi ya lori. Labda ndiyo inamvuruga."

"Baba yake ana nia njema," baba akasema.

"Sijui. Siku hizi simwoni. Saa za kazi hayupo, na baada ya kazi anasahihisha daftari moja mpaka chakula kinapoa."

Nilikuwa nimeuma ulimi nisicheke. Baba akakohoa, akasema mzazi ameelewa kosa na sasa anaweza kwenda. Mama hakuinuka.

"Kwa kuwa nimeitwa," akasema, "na mimi nina swali. Wenzangu sokoni wana watoto wa rika hili. Wote wameshasajiliwa mtihani wa kidato cha nne. Huyu wangu amesajiliwa wapi?"

Baba akavuta droo kwa utulivu mkubwa. Akatoa faili, na ndani ya faili nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Akampa mama. Mama akanipa mimi nisome, kwa sababu hakuwa na miwani. Kichwa cha barua kilikuwa: "Ombi la Kufanya Makazi Yangu Kuwa Kituo cha Mtihani wa Taifa." Idadi ya watahiniwa: mmoja. Msimamizi wa kituo: mimi mwenyewe. Usalama: mbwa wawili wa jirani. Vyoo: kimoja, na kingine kinachimbwa.

Hapo nikaelewa mambo mengi. Nikaelewa kwa nini mawe ya njiani yalipakwa chokaa mwezi wa kumi na moja. Nikaelewa na lile shimo alilokuwa akichimba nyuma ya nyumba.

"Walijibu nini?" mama akauliza.

"Wakaguzi watakuja."

"Lini?"

"Mambo ya ofisi yana utaratibu wake, Mama."

"Usajili unafungwa Ijumaa, Wuon Akinyi."

Wuon Akinyi, baba yake Akinyi. Hakumwita Mwalimu tena. Nyumba ikawa nyumba, na sisi watatu tukawa watu wa nyumba hiyo, tumekaa na barua mikononi. Kumbe mama alikuwa ameingoja siku ya kuitwa ili apate kuuliza. Kila alipojaribu saa za chakula, baba alimwambia masuala ya shule yana mahali pake.

Kama hujui, nikueleze. Asiyesajiliwa hafanyi mtihani, hata kama anajua kila kitu kilichomo kitabuni. Atangoja mwaka mwingine mzima. Na huu mtaala wetu wa zamani unaelekea kufungwa, kila mtu anajua, kwa hivyo si jambo la kungojangoja. Mzazi unayesoma hapa, kabla ya kununua chaki, nenda ukaulize mtoto wako atafanyia mtihani wapi. Si mwaka wa mwisho. Siku ile anayotoa sanduku shuleni. Ringi ya lori utaitafuta baadaye.

Jumatano baba alivaa suti ya kaki akaenda ofisi ya elimu. Alirudi saa nane, akavua viatu mlangoni, akasema sentensi moja: "Wamesema nyumba si kituo." Mama alisikia mengine sokoni, na mimi nikasikia kwa mama: barua ya baba ilikuwa imebandikwa ukutani katika chumba chao cha chai, tangu mwaka jana, mstari wa vyoo umepigiwa kalamu nyekundu. Sikumwambia baba. Sitamwambia. Kama anasoma hapa, basi pole.

Alhamisi kengele haikugongwa. Niliamka saa ileile, nikalala macho wazi nikiisubiri kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Nilipotoka alikuwa sebuleni ameketi na faili mapajani. "Nilifuata utaratibu," akaniambia. "Nilidhani ukiwaandikia vizuri, watakuja waone." Nikataka kumwambia kwamba mawe yalikuwa yamependeza. Sikusema. Kusema ndiyo kazi ambayo sikuwahi kuiweza, na sasa ndipo nafika hapo.

Ijumaa asubuhi tulienda kwenye shule moja upande wa pili wa mji, inayopokea watahiniwa wa kujitegemea. Nilitarajia wanafunzi. Nikakuta watu wazima: wanaume wa pikipiki za boda na jaketi zao, akina mama na watoto mgongoni, wamejipanga chini ya ukingo wa paa kuanzia mlango wa ofisi hadi tangi la maji. Baba hakusimama kwenye mstari. Alienda moja kwa moja mlangoni akasema, "Mimi ni mwalimu mwenzenu." Akarudishwa.

"Mzee, hata mimi ni mwalimu," akasema mwanamke aliyekuwa mbele yangu. "Wa chekechea. Ingia mstari."

Jina lake lilikuwa Boke, Mkuria wa Kegonga, labda miaka thelathini. Alikuwa ametoka kwao gizani. Karatasi zake zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari, na mfuko ndani ya mkoba, na mkoba chini ya kwapa. Alinigeukia.

"Na wewe umebeba nini, mdogo wangu?"

"Amebeba cheti cha kuzaliwa," baba akajibu.

"Cha darasa la nane?"

"Anacho," baba akajibu.

"Picha?"

"Mbili," baba akajibu.

Boke akanitazama, akamtazama baba. "Mzee, huyu hana mdomo?"

"Ni mpole," baba akasema.

"Basi aanze kuutafuta, mstari mbele yetu ni mfupi." Akaninong'oneza, ingawa baba alisikia kila neno: "Unafanya sayansi zenye maabara? Mwalimu mkuu hapa hapendi sisi wa sayansi. Vifaa ni vichache. Mwaka jana alinikataa, nikarudi Kegonga na picha zangu. Atakuuliza umefanya majaribio gani. Usimdanganye, atakujua. Na asikujibie mtu."

Wazazi, hapa ndipo ningependa msome mara mbili. Kwa mwaka mmoja na zaidi sikuwa nimezungumza na mgeni hata mmoja. Dukani alienda mama. Kanisani alisalimia baba. Mtu akiniuliza jambo, kabla kifua hakijabana jibu lilikuwa limeshatoka kinywani mwa Mwalimu, pamoja na ufafanuzi. Nilitoka bwenini na aibu ya kiasi. Nyumbani tuliilisha vizuri ikanenepa. Nyinyi mnaotoa watoto shuleni kwa sababu ni wapole, mnafurahi kwamba nyumbani hawalii tena. Hawalii kwa sababu hawaulizwi.

Boke aliingia, akakaa muda mrefu, akatoka amefunga macho, midomo ikisali. Alikuwa amekubaliwa. Akanipiga bega.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, kalamu mkononi, na bado kulikuwa na watu ishirini nje. Alisoma fomu aliyoijaza baba. "Bayolojia, Kemia, Fizikia. Zote tatu?" Akaniangalia. "Umewahi kushika bureti?"

"Ameshika vifaa mbalimbali," baba akasema.

"Mwalimu, nimemwuliza yeye."

Mlango ulikuwa wazi, na mstari wote wa nje uliacha kuongea ili kusikia vizuri, ndivyo watu walivyo. Kifua kikabana. Niliona baba amefungua kinywa tena, na niliona pia, kwa mara ya kwanza, kwamba naye anaogopa.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi kushika. Nimetumia sindano ya ng'ombe."

Mstari wa nje ukaangua kicheko. Nilimsikia Boke akicheka kuwashinda wote. Mwalimu mkuu hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Sindano ya ng'ombe ulifanyia nini?"

Nikamweleza. Nilianzia kwa limau. Nikaeleza majivu yanatuama muda gani, kwa nini maua yachemshwe siku hiyohiyo, kwa nini nilipiga magoti, na kwamba mara ya kwanza nilikosa kwa sababu kulikuwa na hewa ndani ya bomba na nilisahau kuitoa. Nikamwambia vipimo vyangu vitatu na jinsi kimoja kilivyopishana na viwili. Sijui nilisema dakika ngapi. Najua hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia mtu nisiyelala naye nyumba moja.

"Na Fizikia?" akauliza.

"Fizikia naomba itolewe."

"Akinyi," baba akasema.

"Itolewe kwa nini?"

"Sielewi. Na anayenifundisha haelewi pia."

Sikuwa nimepanga kuisema sehemu ya pili. Ilitoka tu, nyuma ya ile ya kwanza. Baba akatazama dirisha kana kwamba kuna mtu huko nje anaruka ukuta. Mwalimu mkuu akaikata Fizikia kwa mstari mmoja, akageuza fomu, akanielekeza pa kutia sahihi.

"Maabara ni Jumamosi asubuhi na alasiri tatu za wiki," akasema. "Kwenye madarasa mengine pia mnakaribishwa. Usipokuja Jumamosi mbili nafuta jina. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwalimu?"

"Nimesikia," baba akasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la tano.

Tulitoka langoni. Baba hakutaka boda, akasema tutembee. Tulipita kituo cha mafuta, tukapita wauza miwa. Hapo akauliza, bila kunitazama, "Ni kweli Fizikia sielewi?"

"Ndiyo, baba."

Ilikuwa saa sita na robo, Ijumaa, katikati kabisa ya saa za kazi. Nilingoja anisahihishe. Akatembea hatua nyingi.

"Hata ile ya umeme?"

"Hasa ile."

Akacheka kwa pua. Akasema mtu hawezi kuwa na mwanafunzi mmoja halafu huyo mmoja awe na shule mbili, rejista haitakubali. "Basi nimefunga shule," akasema. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kando ya barabara ya Isebania, nikiwa na fomu yenye muhuri mkononi. Nyumbani mama aliishika ile fomu kwa ncha za vidole, akaiweka juu ya kabati ambako hata yeye haifikii bila kiti, akarudi sokoni.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa maabara kabla ya saa mbili. Tulikuwa kumi na mmoja na darubini moja, na chini yake ngozi ya kitunguu. Boke alinitangulia, akaangalia, akasema ameona, ingawa sidhani. Ikafika zamu yangu. Niliona ukungu tu, nikazungusha ile skrubu mbele, nikairudisha nyuma, na nyuma yangu jamaa wa boda akaanza, "We msichana, sogea basi, wengine tuna kazi." Wengine wakamwunga mkono. Jicho langu sikulitoa.

"Ngojeni," nikawaambia. "Bado sijaona."

Wakangoja.